Fungu la Mke wa Bolin

Kawira aliondoka mjini Jumamosi ile akiwa amejifunga kibwebwe. Ghorofani Tianxiu, jengo la Waafrika wa biashara, alipokuwa na kiofisi chake, hapakuwa na mtu asiyejua anakwenda kupigana na nani. Miezi miwili mizima alikuwa akitangaza: kuna mwanamke huko Conghua, mfupi, mkavu, wa viatu vya mpira, amekalia kitabu changu, na safari hii atakitoa, apende asipende.

Mwanamke huyo alikuwa mavyaa wake, mama wa mumewe Bolin. Na kitabu chenyewe ni kile cha hukou, daftari dogo ambalo kila nyumba ya Kichina inalo, limeandikwa nani mwenye nyumba, nani mwanawe, nani mjukuu. Ukiwa mgeni umeolewa na Mchina, kibali chako cha kukaa hakifanywi upya mpaka kitabu hicho kiwekwe dirishani, chenyewe na nakala yake, pamoja na sahihi ya mwenyeji wako. Kibali cha Kawira kilikuwa kinakwisha Jumatano. Jumamosi, Jumapili na Jumatatu ofisi zimefungwa kwa sikukuu ya makaburi. Ilibaki Jumanne peke yake.

Na usiniambie angekwenda zake Kenya, akaomba viza, akarudi. Kendi, binti yake wa miaka minne, ameandikwa ndani ya kitabu hicho hicho. Kwa karatasi ni Mchina, hana pasipoti, na hapati bila baba yake kuridhia. Kawira akitoka, Kendi anabaki. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, na kila akilifikiria alimwona yule mwanamke wa viatu vya mpira akimfungua mtoto nywele zake.

Mambo ya nywele yalikuwa vita ya zamani. Siku Kendi alipozaliwa, mavyaa alimtazama kichwa, akauliza kama zitanyooka baadaye. Tangu hapo kila wakikutana lazima aseme zile nywele zimesukwa kwa kubanwa, mtoto anavutwa kichwa. Salamu hana. Jina la Kawira hajawahi kulitamka. Akimtaja humwita "huyo". Kwenye harusi alikula kitoweo cha kwanza akainuka, akasema anawahi basi. Kawira naye si wa kumeza. Mwanamke wa Igoji, Meru, miaka tisa amekuwa akinunulia akina mama wa Nairobi nguo kule Shahe, soko la nguo za jumla, na pale sokoni wanamjua. Mwenye duka akimwambia mei you, yaani hakuna, Kawira humwonyesha kwa kidole mzigo wenyewe ulipofichwa nyuma ya mgongo wake. Ulimi wake umemfaa sana kazini. Nyumbani kwa mavyaa ulimletea balaa tu.

Bolin alikuwa mtu wa aina nyingine. Walikutana alipokuwa akiendesha gari la mizigo kutoka Shahe kwenda bandari ya Huangpu, na kilichompendeza Kawira ni upole wake. Bolin hana kelele. Mwambie jambo, atatabasamu, atakubali, na jambo lenyewe halitafanyika. Kawira alichukua miaka sita kuiona tabia hiyo, na hata alipoiona aliiita uvivu.

Baada tu ya mwaka mpya wa Kichina Kawira alimwambia Bolin akaombe kitabu. Bolin akaenda, akarudi kichwa chini: Mama amekataa. Akamtuma tena. Mama amekataa. Mara ya tatu alirudi amejaa huzuni kiasi kwamba Kawira alimwonea huruma, akampikia mukimo.

Utauliza kwa nini hakwenda mwenyewe. Alilelewa hivyo. Kwao mke hamwendei mama mkwe na madai. Humtuma mume, mume ndiye huzungumza na mamake. Kawira amevunja desturi nyingi tangu aondoke kwao, lakini hiyo aliishika, na aliishika mahali pabaya. Ariane, Mkongomani wa Lubumbashi mwenye ofisi mlango wa pili, alimwambia wazi: "Dada, mwanaume akisema mama yake amekatala, enda uulize mama mwenyewe. Voilà." Kawira akamjibu kwamba yeye hamjui yule ajuza.

Siku hiyo hiyo walikuwa wamekaa na fomu mbele yao, Ariane akiisoma kwa sauti. Fomu ilieleza nani anaweza kuwa mwenyeji wa mgeni: mume au mke, mzazi, mtoto, ndugu, babu, bibi, mkwe. Waliposikia mkwe wakacheka mpaka Ariane akashika mbavu. Nani akaombe maji kwa moto? Kawira akaandika jina la Bolin kwa penseli, fomu ikaingia mkobani.

Haya. Jumamosi wakatoka, Bolin kwenye usukani, Kawira kando yake, Kendi nyuma na katoni ya ubani na pesa za karatasi za kuchomea wafu. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha na barabara imejaa, maana mji mzima unakwenda kufagia makaburi ya kwao. Walipokaribia mashamba ya lichi Kendi akatapika. Kawira akanyoosha mkono kufungua kisanduku cha mbele ya magoti yake atafute karatasi ya kupangusia, na Bolin, yule mpole, akampiga mkono.

"Kimeharibika," akasema. "Usikiguse."

Kawira akampangusa mtoto kwa mtandio wake. Aliudhika, lakini alikuwa ameweka hasira yake akiba kwa mtu mwingine, hakutaka kuipunguza.

Kijijini mavyaa alimpokea mjukuu, akamshika kichwa, akavuta msuko mmoja, akasonya. Kawira hakumwangalia. Wakapanda kilimani, ukoo mzima, watu kama arobaini, wanaume na majembe, wanawake na mapanga ya kukatia magugu. Mavyaa alikuwa na panga lake jembamba lenye mpini uliofungwa kitambaa, akifyeka juu ya kaburi la mumewe kwa nguvu za mtu anayegombana. Kila Kawira alipotaka kusaidia mahali, palikuwa tayari pana mtu. Wakaweka nguruwe mzima wa kuokwa mbele ya kaburi, wakawasha ubani, wakachoma zile pesa, fataki zikalia, Kendi akaziba masikio. Kisha nguruwe akateremshwa hadi kwenye jumba la ukoo akakatwe.

Hapo ndipo penye maneno. Katika ukoo ule kila kichwa kilicho hai kina fungu lake la nyama ya makaburi. Baba mkubwa wa Bolin ndiye mkataji. Kila nyumba humtumia orodha ya watu wake, naye hukata, hutia kwenye mfuko mwekundu wa plastiki, huandika jina kwa kalamu nene na kuita. Mwaka jana aliita "mke wa Bolin", Kawira akapokea mfuko wenye mifupa zaidi ya nyama, akalalamika njia nzima mpaka mjini.

Mwaka huu aliita jina la mavyaa. Akaita la Bolin. Akaita la Kendi, mtoto akakimbia kwa mbwembwe, akapokea kwa mikono miwili, watu wakacheka. Kisha akaita nyumba nyingine.

Kawira alibaki amesimama mikono mitupu. Angekuwa mgeni mwingine, angesema wamesahau. Lakini huyu ametoka kwa watu wanaosoma nyama. Kwao Igoji mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe, kuna cha wazee, kuna cha wanawake waliozaa, kuna cha wakwe, na ukinyimwa chako mbele ya watu hujasahauliwa, umeambiwa. Alimwendea baba mkubwa, akamuuliza kwa Kikantoni chake cha sokoni fungu lake liko wapi. Mzee akafuta mafuta kidoleni, akaangalia simu, akaona haya. Orodha aliyotumiwa ilikuwa na watu watatu.

Loo! Mwaka jana alinung'unikia mifupa. Leo angeipokea hata kwato, mradi iwe imeandikwa jina lake. Macho yakamjaa machozi, na hasira ikayakausha papo hapo. Akazunguka nyuma ya nyumba, akamkuta mavyaa amechuchumaa anaosha sufuria kwenye bomba, lile panga limelala kando yake.

"Nainai," akasema, kwa kuwa ndivyo wake za watu humwita mama mkwe kule, "kitabu umekikalia. Sasa na nyama pia?"

"Kitabu gani?"

"Cha nyumba. Cha karatasi zangu. Bolin amekuja mara tatu kukiomba na mara tatu umemfukuza."

Mavyaa alizima bomba. Akajipangusa mikono kwenye suruali, moja, halafu nyingine, bila haraka, na Kawira akatamani kumtingisha.

"Bolin alikichukua siku ya nane ya mwaka mpya," akasema. "Aliniambia ni cha karatasi zako, nikampa. Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa mpaka leo. Na orodha ya nyama huandika mwanamume wa nyumba. Mimi sikupendi, wewe unajua, kijiji kinajua. Lakini nikitaka kukunyima kitu nitakunyima mbele ya macho yako. Nijifiche kwa nini, nyumbani kwangu?"

Kawira alijua ni kweli. Huyu mama hakuwahi kumfanyia wema hata siku moja, wala hakuwahi kumfanyia ubaya wa mafichoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye nguo yenyewe alikuwa akiifua na kuipiga pasi.

Mavyaa akamwita mwanawe kwa sauti iliyowatoa watu hadi uani. Bolin akaja na sigara, ametabasamu. Akaulizwa kitabu kiko wapi. Akasema kiko mjini, kwa rafiki, mambo ya karatasi yana utaratibu, atawaeleza. Alieleza vizuri, kwa upole, na Kawira akiwa anamsikiliza akauhisi mkono wake ukiwasha pale alipopigwa asubuhi.

Aliinama, akaokota lile panga, akaelekea kwenye gari. Watu wakampisha. Bolin akaacha kutabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamfuata mbio, lakini Kawira alikwisha ingia na kufunga mlango kwa ndani. Alipenyeza ncha ya panga kwenye ufa wa kisanduku, akaegemea kwa uzito wake wote. Kufuli likakatika. Kitabu kilikuwa pale, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Saa mbili nzima alikuwa amesafiri nacho, magoti yake yakigusa mlango wa kisanduku.

Aliposhuka nacho Bolin hakumpokonya. Aliwasha sigara nyingine.

"Kichukue," akasema. "Bila sahihi yangu hakikufai. Rudi kwenu kwa utulivu, habari za mtoto tutazungumza baadaye."

Haki ya Mungu, alilisema hilo kwa sauti ile ile anayomwambia mtu chai iko tayari. Hakutaka kesi wala talaka wala kelele. Alitaka tu Jumatano ifike, serikali imwondolee mke, yeye abaki na mtoto na mikono safi. Kawira alimtazama akatafuta tusi, la Kimeru, la Kikantoni, lolote, hakupata lililotosha. Kendi alikuwa mlangoni na mfuko wake mwekundu wa nyama, ameukumbatia.

Mavyaa ndiye aliyesema. "Ni yule wa Foshan?"

Bolin akageuza uso.

Hapo siri ikatoka. Mwaka mpya Bolin alimwambia Kawira abaki mjini, mama hataki kumwona. Na mamake akaambiwa kwamba Kawira amekataa kuja. Bolin alikuja na Kendi, na mwanamke wa Foshan aliyemwita mwenzake wa kazi. Mavyaa aliyasimulia hayo akimtazama mwanawe, hakumwangalia Kawira hata kidogo.

"Alikaa kwenye kiti cha mjukuu wangu," akasema. "Mtoto akala amesimama. Nikanyamaza kwa kuwa ilikuwa sikukuu."

Kisha akamgeukia Kawira, na uso wake haukulainika hata kidogo. Akauliza kama hiyo karatasi ni lazima itiwe sahihi na mume. Kawira akaitoa fomu mkobani, imejikunja, akaisoma ule mstari waliouchekea yeye na Ariane. Akasema mkwe pia anaweza.

"Mkwe yupi?"

"Mama wa mume. Akiwa ndiye mwenye nyumba."

Baba mkubwa alikuwa akikikagua kisu chake. Mavyaa akachukua panga mkononi mwa Kawira, akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Umelitia pengo," akasema. Halafu akachukua na kitabu. "Hiki ni cha nyumba yangu, nitakuja nacho mwenyewe. Jumanne wanafungua saa ngapi?"

Kawira alirudi mjini kwa basi, Kendi mapajani. Bolin alikwisha ondoka peke yake na kisanduku chake kimening'inia, na nyumbani hakulala. Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko ile miezi miwili, kwa sababu sasa maisha ya Kawira yalikuwa mikononi mwa mtu aliyemtukana kwa miaka sita. Alijua Bolin anampigia mamake simu. Mtoto ni mtoto, mama humrudia mwanawe. Angekuwa yeye, na Kendi ndiye amekosa, angefanyaje? Ariane alimletea fufu, haikulika. Alimwambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kawira akasema hili halijala bado, lilikuwa linanoa meno.

Jumanne alikuwa mlangoni mwa ofisi kabla haijafunguliwa. Saa tatu, hayupo. Saa nne, hayupo, na Kawira amekwisha chukua namba na kuipoteza zamu yake mara mbili. Saa tano kasoro akaviona vile viatu vya mpira vikipanda ngazi. Mavyaa alikuwa amevimba kwa hasira: basi limechelewa, mji una watu kama siafu, na kijana aliyemuuliza njia alimjibu bila kuinua macho kwenye simu. Salamu hakutoa. Kitabu kilikuwa kifuani, kimefungwa kwenye leso.

Dirishani binti wa ofisi alipitia karatasi moja moja, akauliza mume yuko wapi, maana kwa kawaida mume ndiye huja.

"Mwenye nyumba ni mimi," mavyaa akasema. "Fungua ukurasa wa kwanza usome."

Binti akafungua, akasoma. Akampa fomu mpya ajaze. Mavyaa aliandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule kwenda kulima, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo. Kawira hajui maandishi mengi ya Kichina zaidi ya yale ya nguo na mizigo, lakini mavyaa alipofika kwenye nafasi ya uhusiano Kawira alimwona akisita, kalamu hewani, muda mrefu mpaka binti akakohoa. Kisha akaandika maneno ambayo Kawira aliyafahamu, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa ameyatafuta kwenye kamusi ya simu usiku wa kuamkia harusi yake: mke wa mwanangu. Muhuri ukapigwa. Wakapewa risiti na siku ya kurudi kuchukua pasipoti.

Nje, kituoni, mavyaa alifungua kikapu chake akatoa mfuko mwekundu. Haukuandikwa jina.

"Nimekata kwenye langu," akasema. "Usiseme ukoo umekupa, haujakupa."

Kawira akachungulia. Mifupa mitupu na ngozi. Akasema hivyo, kwamba ni mifupa mitupu. Mavyaa akamwambia mwenye njaa hachagui. Akamwambia pia kwamba Jumapili atakuja kumwona mtoto, na akute zile nywele zimefunguliwa.

"Sizifungui."

"Unamvuta kichwa."

"Kichwa ni cha mwanangu."

"Na mjukuu ni wangu." Basi lilikuwa linakuja, mavyaa akatanguliza kikapu. Mguu mmoja ngazini, akageuka. "Usidhani nimekupenda. Huyo wa Foshan akizaa mvulana, Kendi atakuwa mtumishi wake. Wewe nimeshazoea kugombana nawe."

"Sikudhani," Kawira akamjibu. "Na mimi vile vile."

Mavyaa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ya haki, akapanda.